"Umeelewa?" "Ndiyo sista"

Kuna usiku mmoja mpaka leo nikiukumbuka mwili unasisimka. Nilikuwa naongoza zamu ya usiku wodi ya wazazi, hospitali siitaji, tulikuwa wauguzi wawili na mwanafunzi mmoja aliyekuja mafunzo kwa vitendo, vitanda vimejaa, akina mama wawili wako leba wanakaribia kabisa, alafu akaletwa mama mwenye kifafa cha mimba. Tukamwanzishia magnesiamu, ile dawa ya kuzuia degedege, dozi ya kwanza tukaimaliza saa mbili usiku. Hapohapo leba wananiita, mtoto anatoka, nikawa navaa glavu huku natembea na nikamwambia mwenzangu kwa sauti, mgongo nimeshampa, "inayofuata masaa manne, umeelewa?" Akajibu "ndiyo sista." Nikaingia leba.

Natoka kule mtoto analia vizuri, mama yake mzima, saa ya ukutani inakaribia saa nne. Nakuta trei imeandaliwa mezani, dawa imeshavutwa kwenye bomba la sindano. Nikauliza hii ya nani. "Ya mama wa kitanda cha tatu, si ulisema saa nne?"

Nilisema masaa manne. Saa mbili ukijumlisha masaa manne ni saa sita usiku. Yeye alisikia saa nne, na kwa nini asisikie saa nne, wodi ina kelele, mimi naongea nimegeukia kule, na kwa Kiswahili hayo maneno mawili yametofautiana silabi tu. Dawa hii ukiizidisha au ukiiharakisha inazima pumzi ya mtu, ndo maana kabla ya kila dozi lazima uhesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, ugonge goti uone linaruka, na uangalie mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Labda vipimo hivyo vingemzuia. Labda visingemzuia, maana mgonjwa alikuwa anaendelea vizuri, goti lingeruka, pumzi zingetosha na dozi ingeingia masaa mawili kabla ya wakati wake.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuja asubuhi. Yule mwanafunzi alinifuata wakati tunajiandaa kutoka akaniambia kwa sauti ya chini, sista mimi niliona kwenye chati imeandikwa kila masaa manne, nilijua saa nne bado, lakini nikasema ninyi mmesoma kuliko mimi, pengine kuna kitu sikijui. Binti wa watu alijua. Katika watu wawili niliowaacha wodini usiku ule, aliyekuwa na jibu sahihi ni yule ambaye hakuna aliyemuuliza.

Tulipolipeleka hili kwenye kikao cha wodi kuna waliotaka mwenzangu aandikiwe barua ya onyo, nikakataa, na mpaka leo nakataa. Yeye alifanya alichosikia. Mimi ndo niliyetoa maelekezo mgongo umegeuka na nikayafunga na swali bovu kuliko yote tunayoulizana kazini: umeelewa?

Hili swali tumelelewa nalo. Mwalimu amemaliza ubao mzima wa hesabu, anageuka, "mmeelewa?" na darasa zima linavuta "ndiyooo mwalimu", na nusu ya darasa haijaelewa kitu. Ukisema hapana unasimamishwa, wenzako wanakucheka, mwalimu anakuona unampotezea muda. Basi tunakua, tunapata ajira, na ile ndiyo tunahama nayo. Mkubwa akiuliza umeelewa, kwetu jibu ni ndiyo. Ile ndiyo ni heshima, ni adabu, inamaanisha nimekusikia mkubwa wangu na sitaki kukuchosha. Haimwambii muulizaji chochote kuhusu kilichobaki kichwani mwa mtu. Na wewe uliyeuliza unaondoka umetulia, hapo ndo hatari ilipo, kwa sababu ungekuwa huna uhakika ungerudi kuangalia.

Baada ya tukio lile nikaanza kusoma sana habari za watu wa ndege maana niliwahi kusikia kwenye semina kwamba wao ndo wameumia zaidi na jambo hili wakajifunza. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos kisiwa cha Tenerife, ukungu mzito, ndege mbili kubwa za Boeing 747 moja ya KLM nyingine ya Pan Am ziko kwenye barabara moja ya kurukia. Zote hazikutakiwa kuwa pale, zilielekezwa huko baada ya bomu kulipuka uwanja wa kisiwa jirani. Rubani msaidizi wa KLM akatoa sentensi moja kwenye redio, yeye akimaanisha ndo tunaruka, mwongoza ndege mnarani akaelewa kwamba wako tayari mahali pa kurukia na wanasubiri. Mnara ukajibu "OK", kisha ukaongeza subiri nitakuita. Sekunde zilezile Pan Am nao wakaongea kwenye redio kusema bado tuko barabarani, sauti zikagongana zikatoa mluzi, na kule ndani ya KLM kilichosikika vizuri ni ile OK tu. Watu 583 walikufa.

Nikisoma pale kwenye OK naiona ndiyo yetu kabisa, neno fupi, la upole, ambalo kila mtu analijaza anachotaka yeye.

Na kuna kitu kingine ndani ya ile ndege ambacho kilinikalisha chini. Injinia wa KLM aliyekuwa na marubani mle chumbani alisikia kitu kwenye redio akapata wasiwasi, akauliza kama ile Pan American haijatoka barabarani. Aliuliza, hakusema simama. Kapteni wake alikuwa mtu mkubwa sana pale kampuni, mkufunzi mkuu wa marubani wa ndege zile, akajibu kwa uhakika kabisa kwamba imetoka, na injinia akanyamaza. Huyu hakutofautiana na yule mwanafunzi wangu hata chembe. Mtu ana wasiwasi wa kweli, ushahidi anao, lakini anaufunga kwenye swali la adabu ili asimkosee mkubwa, na mkubwa akisema ndiyo basi mambo yameisha.

Baada ya ajali ile watu wa ndege walibadilisha namna ya kuongea. Lile neno la kuruka siku hizi redioni halitumiki ovyo, linatamkwa pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, kwingine kote wanasema kuondoka. Na rubani akipewa maelekezo muhimu anayarudia yeye mwenyewe, mnara unasikiliza kama amerudia sawasawa, akikosea anasahihishwa hapohapo. Alafu wakaanza kuwafundisha makapteni kusikiliza, na wadogo kusema, kama somo kabisa la darasani, kwa sababu waligundua hivyo vitu haviji vyenyewe.

Sisi wodini tulichukua hilo la kurudia. Siku hizi nikikupa maelekezo siulizi umeelewa, nasema "nirudishie." Wewe unanirudishia: mama wa kitanda cha tatu, magnesiamu, dozi ya pili saa sita usiku, kabla ya hapo napima pumzi, goti na mkojo. Ukimaliza nasema sawa, au nasema hapana siyo hivyo. Sekunde kumi tu. Mwanzoni watu walikasirika jamani, kuna sista mmoja mkubwa, amenizidi miaka mingi kazini, aliniambia unanifanya mtoto wa shule. Nilimwelewa. Ukimwambia mtu mzima arudie maneno yako anaona unampima akili. Kilichosaidia ni kwamba nilianza mimi, yeye akinipa ripoti mimi namrudishia bila kuombwa, wiki ya pili hivi nikakosea namba ya kitanda wakati narudisha, akanisahihisha, na tokea siku hiyo hakununa tena. Mkubwa ndo anatakiwa aanze kurudia. Ukianzia kwa wadogo inageuka mtihani.

Tukahamia kwenye masaa. Hapa sisi tunaoongea Kiswahili tuna shida yetu peke yetu ambayo kitabu cha Kizungu hakiwezi kukuambia. Walimu wa Kiswahili wanatufundisha wingi wa saa ni saa, hakuna masaa. Wanisamehe, lakini wodini "kila baada ya saa nne" na "ifikapo saa nne" nikivitamka vyote kwa saa siku moja nitampoteza mtu. Kwahiyo sisi muda unaopita ni masaa, na muda wa kwenye saa ni saa, na bado haitoshi kama mlivyoona kwenye kisa changu. Juu ya hapo saa yetu inaanza kuhesabu asubuhi na chati imeandikwa kwa saa ya kizungu, mdomoni nasema saa kumi na mbili jioni kwenye karatasi naandika 1800, simu ya mkononi inasema 6:00, na mwanafunzi aliyechoka anaangalia ile sita anasema moyoni saa sita. Nimeona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Sasa hivi utaratibu wetu ni kwamba hakuna kusema masaa peke yake, lazima useme na saa itakayofika: "baada ya masaa manne, yaani saa sita usiku, kwenye chati sifuri sifuri." Ni maneno mengi kweli, lakini kila kipande kinamlinda mwenzake, sikio likikosa kimoja linadaka kingine.

Sasa hilo la mdogo kusema ndo gumu. Kurudia maneno mtu anajifunza kwa wiki mbili, ila kumwambia daktari bingwa saa nane za usiku kwamba nadhani umekosea, hiyo inataka kitu kingine kabisa. Nimesikiliza simu nyingi za wauguzi wadogo wakimpigia daktari. Inakwenda hivi: "Shikamoo dokta, samahani sana kukusumbua, habari za saa hizi, hapa ni wodi ya wazazi, eeh, yule mama wa jioni sijui kama hayuko vizuri sana, ndo nikasema nikujulishe tu." Daktari ameamshwa usingizini, anasikia nikujulishe tu, anasema sawa endeleeni kumwangalia. Simu imekatwa. Muuguzi anajua mama anaharibika na hakuna mahali amesema.

Huko Marekani kuna mpangilio wa kutoa taarifa kwa simu ulioanzia kwenye nyambizi za jeshi lao la majini kisha ukachukuliwa na mahospitali, una sehemu nne, na mimi nimewafundisha wadogo zangu kwa Kiswahili: sasa hivi kuna nini, alianzaje, mimi naona ni nini, naomba ufanye nini. Yule yule mama, simu inakuwa hivi: "Shikamoo dokta, ni dharura. Naongea kutoka wodi ya wazazi, mimi ndo naongoza zamu. Mama wa kitanda cha tano presha 170 kwa 115, kichwa kinamuuma na anaona giza machoni. Ni mimba ya kwanza, wiki 36, ameingia leo jioni presha ikiwa 140 kwa 90. Nahofia anaelekea kwenye kifafa. Naomba uje umwone sasa, na nianze magnesiamu wakati unakuja?" Kipande cha tatu na cha nne ndo watu wanaviogopa, kile cha mimi naona na mimi naomba. Tumezoeshwa kwamba kuona ni kazi ya daktari. Lakini aliyesimama pembeni ya kitanda ni wewe, daktari yuko kilomita tatu hapo amelala, macho yako ndo macho yake.

Mtaona shikamoo nimeiacha. Kuna wenzangu waliorudi kutoka semina wanasema tuache salamu kwenye dharura, tuende moja kwa moja. Sikubaliani. Ukimpigia mkubwa wako usimpe shikamoo atabaki anajiuliza nimemkosea nini huyu badala ya kusikiliza presha. Shikamoo ni neno moja, halichukui hata sekunde. Kinachoua muda ni ile mikia yake, samahani sana, habari za nyumbani, sijui umeamkaje. Tunampa shikamoo yake na neno linalofuata ni dharura, na madaktari wetu wameshazoea, wakisikia hayo maneno mawili yameongozana wanakaa kitandani.

Na msidhani mambo haya ni ya Ulaya tu yanatuzidi uwezo. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza ile orodha ya ukaguzi kabla ya upasuaji, vitu 19, waliijaribu kwenye hospitali nane duniani kati ya mwaka 2007 na 2008, Toronto, London, Seattle, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, na ya nane ilikuwa Ifakara, hapahapa Morogoro. Ukijumlisha hospitali zote nane vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakukuwa na mashine mpya ya kushangaza pale, sehemu kubwa ya ile orodha ni watu kusimama na kusema vitu kwa sauti. Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni kile ambacho kabla ya kisu kugusa ngozi kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake, kuanzia daktari mpasuaji hadi mdogo kabisa. Watu wanakiona cha kupoteza muda, mbona tunafahamiana. Lakini mtu ambaye ameshasikia sauti yake mwenyewe mle chumbani, hata kwa kutaja jina tu, mdomo wake umeshafunguka. Ni rahisi zaidi kuufungua mara ya pili akiona kitambaa kimesahaulika ndani ya mgonjwa.

Sisi hatuna chumba cha upasuaji wodini ila nimeiba hiyo. Tukianza zamu tunasimama dakika tano, kila mtu anasema jina, yuko upande gani, na kitu kimoja kinachompa wasiwasi leo. Na tunaanza na mdogo. Ukianza na mkubwa wote wanaofuata wanasema "kama alivyosema sista."

WhatsApp nitasema kidogo tu. Grupu la wodi ni zuri kwa rosta, kwa msiba, kwa kubadilishana zamu. Habari ya mgonjwa isipite huko, kwanza ni siri yake, pili huko ndo nyumbani kwa ile ndiyo tuliyoizungumza, inchaji, yaani msimamizi wa wodi, anaweka maelekezo saa tano usiku, watu kumi na nne wanaweka dole, na kesho yake ukiuliza nani anafanya kila mtu alijua ni mwenzake. Kazi ikiwa na mtu taja mtu, na yeye aandike anachokwenda kufanya. Dole sio jibu.

Kwenye zile dakika tano za mwanzo wa zamu tulichelewa sana kumwita mama wa usafi, na hilo najilaumu. Yeye ndo anainama chini ya vitanda. Kuna kipindi mama mmoja aliyejifungua alikuwa anavuja damu taratibu, shuka imefunikwa vizuri juu, damu inadondokea sakafuni upande wa ukutani, na wa kwanza kuiona alikuwa yeye. Akapiga deki. Akarudi baada ya muda akakuta nyingine, ndo akaja kuniambia kwa kuzungukazunguka, sista sijui niseme, mimi siyo mtaalamu. Tulimuwahi yule mama, lakini dakika zile za kupiga deki siwezi kuzisahau. Sasa anasimama nasi asubuhi, naye anataja jina lake, na tumekubaliana akiona damu asifute, aniite, hata kama nina daktari, hata kama niko kwenye raundi. Wiki mbili zilizopita tuko katikati ya raundi akaja akasimama mlangoni akasema "sista, kitanda cha saba, damu nyingi," bila samahani wala nini. Daktari mwenyewe ndo alitangulia kutoka.

Kinachonisumbua bado ni maelekezo ya dawa kwa simu, maana mtandao unakatika na kuna madaktari wanasema namba kwa Kiingereza. Fifitini na fifti kwenye simu inayokwaruza ni kitu kimoja, na kati ya 15 na 50 kuna mtu anaweza kufa. Kiswahili hapa kinatusaidia, hakuna atakayechanganya kumi na tano na hamsini. Kwahiyo tumeanza hivi, simu inawekwa spika, wanasikiliza wauguzi wawili, mmoja anaandika, mwingine anamrudishia daktari namba kwa Kiswahili, alafu anaitaja tarakimu mojamoja: kumi na tano, moja tano. Kuna daktari mmoja alisema tunamchelewesha kulala. Nikamjibu dokta, nirudishie wewe basi nilichosikia mimi, akacheka, akairudisha, na ilikuwa siyo namba tuliyoandika.

Tukaifuta, tukaandika upya.